Baiskeli ya alumini inanimaliza mgongo na mikono: niuze nitafute ya chuma, au kosa ni langu?

#1 Mkata Upepo

Wakuu, habari za jioni.

Nina kesi hapa, naomba wajuzi mnisaidie kabla sijafanya maamuzi ya hasira. Mwezi wa tatu nilichoshwa na foleni ya Bagamoyo Road nikajilipua, nikanunua baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Fremu alumini, nyepesi, unainyanyua kwa mkono mmoja huku unaongea na simu. Nakaa Madale, kazi Mikocheni, kama kilomita 18 kwenda. Kilomita nne za mwanzo ni vumbi na mawe, baada ya hapo lami, ila lami yenyewe mnaijua, rasta (vile vituta vya kupunguza mwendo) kila ukigeuka.

Sasa nikifika ofisini vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vina ganzi mpaka saa nne asubuhi. Huko nyuma sisemi, kuna dada zetu humu. Juzi nimevuka rasta bila kujipanga, meno yakagongana nikajing'ata ulimi. Nina miaka 38, sijazeeka kihivyo.

Fundi wa mtaani kwangu kanipa hukumu kwa sentensi moja: "Alumini haina mwili, uza hiyo utafute chuma." Mwingine kasema nijichange ninunue kaboni. Na mimi nakumbuka marehemu babu alikuwa na baiskeli ya Phoenix, alikuwa ananibeba kwenye keria kutoka shamba hadi Ifakara mjini, sikumbuki kuumia hata siku moja. Kwa hiyo ni kweli chuma ni laini kuliko alumini? Nisije nikauza kitu kizima kwa maneno ya kijiweni.

Uzito wangu kilo 84. Tairi zimeandikwa 700x23C, upepo najaza psi 110, nimesoma ubavuni mwa tairi.

Nawasilisha.

#2 kokoto28

Nimekaa pale nyuma kabisa na karanga zangu. Wajuzi wakija mniamshe.

#3 Mzee wa Phoenix

Kijana, jibu umelitoa mwenyewe ulipomtaja babu yako. Phoenix yangu niliinunua 1987 kwa pesa ya pamba. Imebeba mahindi, imebeba mgonjwa, imebeba bibi harusi ambaye leo ni bibi wa wajukuu sita. Barabara za huku kwetu Kahama zilivyokuwa miaka hiyo hakuna lami ya kukudanganya. Chuma kinapinda kidogo halafu kinarudi, kama upinde. Alumini ni sufuria. Nani aliwahi kukalia sufuria akafurahi?

#4 Mpanda Meru

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, chuma ni cha kubebea mkaa. Mimi niko Arusha, nilikuwa na alumini miaka minne, mwaka jana nikapata kaboni ya mtumba. Siku ya kwanza tu nilihisi kama barabara imepigwa pasi. Nyuzi za kaboni zinanyonya mtetemo, chuma hakinyonyi chochote. Mkata Upepo jichange tu.

#5 Injinia Mchovu

Naomba niingie taratibu, maana huu ubishi nimeukuta kila penye baiskeli mbili zimeegeshwa.

Kwanza tuanze na kitu kitakachomuudhi Mzee wangu wa Kahama. Alumini yenyewe, kama metali, ni laini kuliko chuma. Kuna kipimo cha ugumu wa metali dhidi ya kuvutwa na kupindwa: chuma kiko kwenye gigapaskali 200, titani kama 110, alumini 70. Yaani ukichukua bomba mbili za ukubwa uleule na unene uleule, moja chuma moja alumini, ukazining'inizia mzigo uleule, ya alumini itapinda karibu mara tatu zaidi. Na hili halibadiliki kwa ubora: chuma cha Phoenix na chuma cha kromoli (kilichochanganywa na kromu) cha baiskeli ya gharama kina ugumu uleule. Cha gharama kina nguvu zaidi, ndiyo maana wanaweza kukikwangua ukuta wa bomba ukawa mwembamba bila kukatika.

Basi kwa nini fremu za alumini zina sifa ya ukatili? Sababu ni bomba lenyewe. Alumini ina ugonjwa mmoja: haina kiwango salama cha kupindwapindwa. Chuma ukikipinda kidogo, chini ya kiwango fulani, unaweza kukipinda mamilioni ya mara kisichoke. Alumini inahesabu kila siku unayoipinda, na ipo siku itakudai. Mtengenezaji anayejua hilo anakataa isipinde kabisa. Anafanyaje? Ananenepesha bomba. Ukiongeza kipenyo mara mbili huku unene wa ukuta ukibaki uleule, uzito unakuwa mara mbili lakini ugumu wa kupinda unakuwa mara nane. Na kwa kuwa alumini ni nyepesi (gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma 7.8), unamudu bomba nene kama mkono wa mtoto na baiskeli bado ikawa nyepesi.

Mnaotaka ushahidi, tazameni historia. Miaka ya 1970 na 1980 kulikuwa na fremu za alumini za Alan kutoka Italia na Vitus kutoka Ufaransa, bomba nyembamba kama za chuma, zimeunganishwa kwa gundi. Sean Kelly wa Ireland alishindia mbio nyingi juu ya Vitus. Unajua watu walizilalamikia nini? Kwamba zinayumba, ni laini mno! Alumini hiyohiyo. Mwaka 1983 Cannondale wa Marekani wakaleta fremu ya mabomba manene, na hapo ndipo alumini ilipoanza kuitwa ngumu kama jiwe.

Lakini hata hayo yote, kwa ganzi yako wewe, ni pembeni ya shamba. Itazame fremu yako kwa ubavu: ni pembetatu mbili zimeungana. Pembetatu haipindi ukiikandamiza kutoka juu. Ukikanyaga pedeli kwa nguvu inaweza kujinyonga kwenda kushoto na kulia, hapo ndipo waendesha mbio wanasikia tofauti ya chuma na alumini. Kwenda juu na chini, fremu ya kawaida haishuki hata milimita moja, iwe ya metali gani. Tairi inashuka milimita kadhaa. Kiti kinashuka. Bomba la kiti, lile linalochomoza juu ya fremu, linapinda kidogo. Springi zikipangwa moja juu ya nyingine, ile laini ndiyo inafanya kazi yote, ile ngumu inatazama tu.

Weka godoro juu ya sakafu ya saruji na godoro kama hilo juu ya sakafu ya mbao, ulale. Asubuhi ubavu wako utajua habari za godoro. Wewe Mkata Upepo unalalia mkeka, halafu unataka kuvunja sakafu.

#6 kokoto28

Karanga zimeisha, nimetuma mtoto akalete nyingine.

#7 Mzee wa Phoenix

Injinia, umesema kwa mpangilio na nimekusoma mpaka mwisho. Tatizo ni kwamba makalio yangu hayakusoma fizikia. Phoenix ni laini. Hilo hutanibishia, nimeikalia miaka yote hii.

#8 Injinia Mchovu

Mzee, shikamoo. Sibishi kwamba ni laini. Nabisha sababu tu.

Nenda pale ulipoiegesha uitazame. Tairi zake ni 28 kwa 1½, upana wa milimita 40 hivi. Za kijana ni 23. Kiti chake cha ngozi kina springi mbili za kuzunguka nyuma, nene kama kidole. Foku, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, imelala mbele, haijasimama wima kama ya baiskeli ya mbio, na ncha zake zimepinda, kwa hiyo ikigonga shimo inacheza kidogo. Gurudumu la mbele na la nyuma ziko mbali, hivyo tuta linakuinua taratibu. Na wewe umekaa wima, mikono haibebi chochote zaidi ya heshima. Ukiondoa vyote hivyo ukaacha chuma peke yake, weka tairi za 23 na kiti kigumu kama kisu, utakuja humu kuanzisha uzi.

Foku nakupa, Mzee. Foku ya chuma nyembamba iliyopinda na foku nene ya alumini iliyonyooka, mkono unazitofautisha. Foku imeshikwa juu tu, kama tawi, hivyo ina nafasi ya kucheza ambayo pembetatu haina. Hapo metali inasema kitu.

#9 Jicho la Tai

Njia rahisi kuliko zote: legeza spoku. Gurudumu likiwa limekazwa sana linapiga, likilegezwa linakuwa na unyumbufu. Mimi nafanya hivyo miaka yote.

#10 Fundi Spoku

Samahani wakuu, nimejisajili usiku huu kwa ajili ya huyu bwana hapa juu.

Ndugu Jicho la Tai, mimi ni fundi Tabora, nimesuka magurudumu tangu nikiwa darasa la sita. Gurudumu lililosukwa vizuri halipungui kwenda chini, hata ukikaa na gunia. Likipungua kwa kiasi cha wewe kuhisi, ujue rimu inataka kuwa yai. Spoku ukizilegeza, kila mzunguko ile iliyo chini inalegea kabisa halafu inavutwa ghafla, inalegea, inavutwa, mpaka shingo yake inakatika pale inapoingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Ikikatika moja, jirani zake wanabeba zamu yake, na wao wanafuata. Wateja wangu wazuri ni watu waliolegeza spoku. Endelea tu, watoto wangu wanasoma.

Kuhusu mada. Huku kwetu tuna baiskeli za abiria, ukifika stendi utazikuta zimepanga mstari. Katika miaka yote hakuna abiria aliyewahi kuniuliza fremu ni metali gani. Anabonyeza sponji ya keria kwa kidole. Sponji ikiwa imekufa anapita kwa mwenzako.

Halafu kuna hili la upepo. Sisi mafundi tuna kosa, nalisema waziwazi. Mteja anakuja, tunapampu mpaka tairi inalia kama ngoma, yeye anaigonga kwa ngumi, anafurahi, anaondoka. Geji hatuna, au ipo na imekufa. Kwa mwenye gunia tatu za mkaa ni sawa, asipojaza hivyo rimu itakula tyubu. Kwa mtu mmoja mwenye begi la kompyuta ni mateso.

#11 Mbeba Boksi wa Ghent

Huu uzi umenikuta kazini, nimejifungia stoo nauandikia.

Niko Ubelgiji mwaka wa tisa. Huku baiskeli ni dini na Paris–Roubaix ndiyo Krismasi yake. Ni mbio za siku moja kaskazini mwa Ufaransa, zaidi ya kilomita 250, na karibu 55 kati ya hizo ni mawe ya kupangwa kwa mkono, yaliyokaa kama meno ya mtoto yanayoota. Kuna kipande kinapita msitu wa Arenberg, kilomita mbili na ushee. Nilikwenda kukijaribu Jumamosi moja na baiskeli ya kukodi. Nilishuka nusu, nikajifanya napiga picha.

Nawasimulia kwa sababu ndiko mahali ambapo watu wenye pesa na mainjinia wamejaribu kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliweka shokapu kwenye foku. Gilbert Duclos-Lassalle alishinda 1992 na 1993 akiwa na foku ya RockShox, mwaka 1994 Andrei Tchmil naye akashinda akiwa nayo. Mwaka huohuo 1994 Johan Museeuw alikuja na baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, ikamharibikia njiani. Baadaye wakaja na viungo vya mpira ndani ya fremu za kaboni, springi chini ya usukani, kila mwaka jina jipya.

Leo ukisimama pembeni ya barabara ukatazama wanavyopita, kilichobadilika kwa kila timu ni tairi. Zamani walipanda mbio za kawaida na milimita 23 wakiamini nyembamba ndiyo mwendo. Sasa 28 na 30 ni kawaida hata kwenye lami safi, na kwenye mawe wanapita na 32 na zaidi, upepo mdogo kiasi kwamba fundi wa Tabora angewaita wawekewe pampu. Na hawa hawatafuti raha. Wamepima wakaona mwili unaporushwarushwa juu ya tairi ngumu nguvu inapotea bure.

Ngoja nirudi, bosi ananiita.

#12 Mkata Upepo

Wakuu nimesoma yote. Jana usiku nikashusha upepo kutoka 110 hadi kama 70, kwa kukisia. Leo asubuhi kilomita tatu za kwanza zilikuwa tamu, nikaanza hata kuimba. Kilomita ya nne, jiwe moja, paa! Pancha. Tundu mbili sambamba kama kang'atwa na nyoka. Nimesukuma mpaka lami, nikapanda bajaji na gurudumu mapajani. Injinia, godoro lako limenifikisha kazini saa tatu na nusu.

#13 Injinia Mchovu

Pole sana, hapo kosa langu, nilikupa dawa bila dozi.

Tundu mbili sambamba maana yake tairi ilishuka mpaka rimu ikabana tyubu dhidi ya jiwe. Tairi ya 23 haina kina cha kushuka. Kuna kanuni ya mezani ambayo mimi naitumia: ukiwa umekaa juu ya baiskeli, tairi ishuke kama asilimia 15 ya urefu wake. Kwa tairi ya 23 hiyo ni milimita tatu na nusu, ndiyo akiba yako yote kwa starehe. Kwa ya 28 ni zaidi ya nne. Kwa ile ya Mzee ya 40 ni sita, na bado chini yake kuna nafasi kubwa kabla ya rimu. Kwa hiyo upana na upepo vinakwenda pamoja: unapanua tairi kwanza, ndipo unashusha upepo. Wewe ulishusha bila kupanua.

Usijaze 110 kwenye tairi pana eti kwa sababu ulizoea 110. Tairi pana kwa psi ileile ni ngumu zaidi, kwa kuwa kitambaa chake kinavutwa kwa nguvu kubwa zaidi. Na ile namba ubavuni mwa tairi ni mwisho wa kuvumilia tairi, sio agizo la daktari.

Nyuma inabeba uzito zaidi, kama asilimia 60 hivi, basi mbele punguza kidogo.

Sasa kabla hujanunua, pima nafasi. Breki zako ni zile za kubana rimu kutoka juu? Nyingi za aina hiyo hazizidi 28, zaidi ya hapo tairi inasugua. Hapo ndipo fremu inapohusika na starehe kwa kweli: inakuruhusu tairi ya upana gani. Mtu akiniuliza leo anunue fremu gani, simuulizi metali, namwambia apenyeze vidole viwili kati ya tairi na fremu.

#14 Mpanda Meru

Injinia unamaliza maneno yote lakini mimi niliihisi tofauti na kaboni yangu. Nilikuwa naota?

#15 Injinia Mchovu

Hukuota. Niambie: ya zamani ilikuwa na tairi gani, na hii gani? Na bomba la kiti la hii ni kaboni?

#16 Mpanda Meru

Ya zamani 23. Hii 28. Bomba la kiti kaboni, jembamba, milimita 27.2. Foku kaboni pia.

Naona unakoelekea.

#17 Injinia Mchovu

Sina ubaya na kaboni. Uzuri wake ni kwamba mtengenezaji anapanga nyuzi atakavyo: upande huu nyingi ugumu upatikane, upande ule chache upinde. Metali huwezi kuiambia hivyo. Bomba la kiti la kaboni, jembamba na lililochomoza sana juu ya fremu, linapinda kweli, unaweza kumwekea mtu kamera ukaliona. Hata la metali likiwa jembamba na refu linacheza, ndiyo maana fremu ndogo yenye bomba refu la kiti ni laini kuliko fremu kubwa yenye bomba fupi, za kampuni moja, za alumini ileile. Na ule mtetemo mdogo wa lami ya kokoto, unaowasha viganja kama nyuki, foku na usukani wa kaboni vinaupunguza kiasi. Ila kama ungeanza na tairi ukaishia hapo ungebakiza pesa ya mbuzi.

#18 Binti Ukerewe

Habari zenu. Mnaongea metali kurasa mbili, hakuna aliyemuuliza huyu kaka anakaaje.

Mimi ni mtu wa kisiwani, huku mwanamke kuendesha baiskeli sio habari. Nauliza maswali matatu. Pua ya kiti imeinama chini? Usukani uko chini ya kiti kwa kiasi gani? Na ukiendesha, viwiko umevinyoosha kama fimbo?

Ganzi ya vidole viwili vya mwisho ni mshipa wa fahamu unaopita upande wa chini wa kiganja, upande wa kidole kidogo. Unabanwa kwa sababu unaegemea hapo. Watu wakiumia makalio wanainamisha kiti mbele wapate nafuu, basi mwili wote unateleza kwenda kwenye mikono. Unahamisha maumivu tu, huyaondoi.

Na kiti laini cha sponji nene sio jibu kwa kilomita 18. Sponji inabonyea, mifupa miwili ya kukalia inazama, nyama ya katikati ndiyo inabeba mzigo. Tafuta kinacholingana na upana wa mifupa yako. Kaa juu ya boksi gumu la katoni dakika moja, inuka, pima umbali kati ya vishimo viwili.

#19 Nyakwar Ondago

Nasoma kutoka Kisumu. Hapa ndipo zile baiskeli za Buffalo zinaunganishwa, chuma tupu, kilo zaidi ya ishirini, keria inabeba kilo mia. Ukiipanda bila mzigo inakurusha, tairi zimejazwa za kubeba. Ukiweka gunia inatulia kama mama mzee. Chuma ni kilekile mzigo ukiwepo na usipokuwepo, kwa hiyo hiyo hesabu ya Injinia naiamini.

#20 Baba Furaha wa Goma

Ninyi wote muna bahati. Hapa Goma tuko na chukudu, baiskeli ya muzigo isiyo na pedeli, mti mutupu, mukaratusi, magurudumu ya mti, hakuna upepo. Tunapigilia mupira wa tairi ya zamani kuzunguka gurudumu na misumari. Bila ule mupira, mawe ya volkano yangetutoa meno. Kamupira kembamba vile tu, na tofauti ni kubwa.

#21 Jicho la Tai

Vipi kuhusu fremu za mianzi? Nasikia Uganda na Ghana wanatengeneza.

#22 Fundi Spoku

Nimeiona moja, mzungu alipita nayo akielekea Kigoma. Nilipoigonga kwa kucha ilitoa sauti ya mbao, alumini inalia "tiii". Inawezekana mianzi inaua ule mtetemo mdogo. Lakini alikuwa na tairi nene kama za pikipiki, sasa nitasemaje ni mianzi?

Wewe spoku zako zinaendeleaje?

#23 Jicho la Tai

Mbili zimekatika wiki hii. Tuendelee na mada.

#24 Mkata Upepo

Wakuu mrejesho, wiki ya pili.

Fremu sijauza. Breki zimekubali 28, zimebaki milimita kama nne juu. Nimeweka tairi mpya mbili za 28, nyuma najaza 78, mbele 68, nimenunua na pampu yenye geji baada ya kugundua kwamba ile ya fundi wangu ilikuwa inasoma 110 hata ikiwa haijachomekwa. Ina maana miezi yote hiyo sijui nilikuwa naendesha na ngapi.

Tofauti ya lami ni kubwa, sitaki kuongeza chumvi, rasta sasa nazivuka nimekaa. Ile kuwasha ya viganja haipo tena.

Ila ganzi ilibaki! Siku tano mfululizo, tairi mpya na ganzi palepale. Nikarudi kusoma maswali ya Binti Ukerewe. Dada, kiti kilikuwa kimeinama, nilikiinamisha mwenyewe mwezi wa nne, na viwiko fimbo. Nikakisawazisha kwa pima maji ya kujengea, nikapandisha usukani kwa kugeuza shingo yake iangalie juu, nikavalisha usukani utepe wa pili juu ya ule wa zamani. Leo siku ya nne, kidole cha pete kimepona kabisa, kidogo bado kinachelewa kuamka lakini saa mbili na nusu kinakuwa sawa.

Nilitaka pia kushusha bomba la kiti kidogo, halitoki. La alumini ndani ya fremu ya alumini, miaka ya Japani na chumvi ya Dar imelifunga. Fundi Spoku nisaidie hapo.

Kilomita nne za vumbi bado ni mateso. Mzee wa Phoenix, kwa hilo nakuvulia kofia, 28 haitoshi kule.

#25 Fundi Spoku

Usilipige nyundo. Mimina mafuta ya kulegezea kutu pale linapoingilia, pindua baiskeli uingize mengine kwa chini, acha usiku mbili tatu. Kisha bana kiti chenyewe, zungusha kushoto na kulia kidogokidogo, usivute juu kabla halijazunguka. Likitoka, paka grisi kabla ya kurudisha. Kwa hiyo hiyo grisi ungeepuka haya yote.

#26 Binti Ukerewe

Kunja viwiko. Hicho kidole nacho kitaamka.

#27 Mzee wa Phoenix

Nimekwenda kuitazama baiskeli yangu kama Injinia alivyoniagiza. Springi moja ya kiti imekatika, na inaonekana siku nyingi, ina kutu pale ilipokatikia. Sikuwa na habari. Tairi nimezipima kwa rula ya mjukuu, milimita 39.

Hizo kilomita nne zako za vumbi, mimi ningezipita na gunia la mahindi nyuma.